Masizi Kwenye Kikombe cha Pweza

Eleni alirudi Johannesburg mwezi uliopita, siku arobaini baada ya sisi kumzika baba yake, Mzee Manoli. Alinikuta nimekaa palepale aliponiacha miaka ile alipokuja kututembelea, mbele ya cherehani ileile, chini ya dirisha lilelile lenye ufa, akacheka mpaka ikabidi ashike fremu ya mlango. "Shabani," akasema, "hata ukuta wa uani umesogea. Wewe hujasogea?" Nikamwambia nimesogea sana tu: kiti nimekitoa kushoto mwa meza nikakipeleka kulia, kwa sababu ya jua. Alikuwa amebeba bakuli la ngano iliyochemshwa, imechanganywa na sukari na punje za komamanga, chakula ambacho Wagiriki huwapikia marehemu wao. Tulikila kwa vijiko viwili huku tukitazama jikoni kwa baba yake, mlango uko wazi, hamna mtu ndani. Halafu akatoa simu akanionyesha picha. Ilikuwa picha ya kisanduku cha kioo kwenye jumba dogo la makumbusho, kisiwani kwao, na ndani ya kioo kimesimama kikombe cha udongo chenye mguu, vishikio viwili, na pweza amechorwa akikizunguka. Pembeni kuna kikaratasi. Akanifasiria: kikombe cha kale, kimerudishwa na familia kutoka Afrika. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Aliponisomea huo, mkasi ukanianguka. Nikamwambia ni joto. Mstari wenyewe nitauweka kando kwanza, maana nikiutoa sasa mtanicheka kabla ya wakati wake.

Kikombe hicho nilikishika kwa mikono yangu mwaka 2017. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina cheti cha kidato cha nne ambacho siku zote nimekitunza mbali na watu wanaopenda kucheka. Nilikuwa nimepanda mabasi kutoka Tanga, nikavuka mpaka baada ya mpaka, nikalala kwenye stendi ambazo sina hamu ya kuziona tena, na nilipofika kwenye huu mji ambao watu huuota, nikaingia chumbani nikafunga mlango. Watu huja Johannesburg kutafuta dhahabu. Mimi nilitafuta chumba chenye soketi ya cherehani. Nilikipata Bertrams, uani kwa Mzee Manoli, mahali ambapo siku za mechi kelele za uwanja wa Ellis Park zinaingia ndani kama jirani asiyebisha hodi, na mimi najua nani kafunga bila kununua tiketi. Safari yangu ilikuwa moja kwa wiki, Ijumaa, kwenda Mayfair kuswali, kununua udi na makaa kwa Msomali, na kurudi kabla miguu haijazoea huko. Chumba cha mbele kinachotazama barabara alipanga Maman Béa, msusi kutoka Lubumbashi, ambaye wateja wake ndio waliokuwa wateja wangu: wakishasukwa wanakuja uani kupimwa gauni. Alikuwa akinipigia kelele kupitia dirishani. "Weye Fundi! Utaoza mu ile nyumba sawa muhogo mu maji!" Nami namjibu kwamba muhogo ukishaoza ndiyo unakuwa unga wa fufu yake, basi aniache nikamilike.

Mzee Manoli naye alikuwa mtu wa Tanga. Msishangae. Alizaliwa kwenye shamba la mkonge nje ya Korogwe, baba yake akiwa msimamizi, akakaa huko mpaka mashamba yalipotaifishwa, ndipo akahamia huku akafungua duka la kona, akauza mkate, sigara na chipsi za siki mpaka magoti yakamstaafisha. Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa, lafudhi na yote, ila kilijua kuamrisha tu. Leta. Weka. Ngoja. Funga. Kule shambani mtoto wa msimamizi hakuwa na haja ya kumwomba mtu kitu, na neno ambalo huna haja nalo hulijui. Siku ya kwanza aliponiona getini na begi aliniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikasema Tanga. Uso ukabadilika, midomo ikamcheza kidogo. "Kaa," akasema. Nikakaa. Nimekaa mpaka leo.

Jikoni kwake ndiko nilikolelewa upya. Kulikuwa na vigae vya buluu, makopo makubwa ya mafuta ya zeituni kwenye rafu ya juu, majani makavu yananing'inia kichwa chini kama popo, na kwenye kona picha ya mtakatifu mwenye macho ya mtu aliyenyimwa usingizi, na taa ndogo mbele yake. Alhamisi ilikuwa supu ya maharage, yenye karoti na figili, na mkate wa kuchovya. Nilikuwa na sufuria yangu isiyokutana na nguruwe, imefungwa uzi mwekundu kwenye mpini, uzi wa cherehani yangu mwenyewe, na Mzee aliilinda kuliko mimi. Aliwahi kumtoa jikoni rafiki yake wa miaka thelathini kwa kutaka kuikaangia soseji. "Weka chini! Hiyo ya Fundi!" Mimi nilikuwa mlangoni nimebeba suruali ya mtu, nikajifanya sikuona, lakini usiku ule nilimshonea Mzee kola mpya kwenye shati lake bila kumwambia.

Jumapili zilikuwa za barua. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, kitu pekee ambacho walimu wangu walikisifu bila kusitasita. "Andika," anasema, nami naandika kwa Kiingereza kwenda kwenye jumba kubwa la makumbusho la London. Nieleze kwa ufupi alichonieleza yeye kwa urefu. Huko Athene kuna mlima, na juu yake hekalu la kale la mawe meupe. Miaka mia mbili iliyopita, nchi ikiwa chini ya Waturuki, bwana mkubwa mmoja wa Kiingereza alikuja na watu wenye misumeno, wakakata sanamu za hekalu lile, wakazipakia melini. Alikuwa na karatasi ya ruhusa kutoka kwa Waturuki, yaani alimwomba ruhusa mvamizi kuchukua vyombo vya mwenye nyumba. Pembeni yake kuna hekalu jingine ambalo paa lake lilibebwa vichwani na wanawali sita wa mawe. Akachukua mmoja. Watano wako Athene hadi leo, na nafasi ya wa sita imeachwa wazi, hawakuijaza. Mzee alikuwa na picha yao imebandikwa juu ya friji, na akiieleza alikuwa akiweka kidole kwenye ile nafasi, siyo kwenye wanawali.

Mimi mdomo wangu haujawahi kuniheshimu. "Mzee," nikamwambia Jumapili moja, "mimi ningekuwa huyo wa sita nisingerudi. Nimeshazoea. Kuna paa, hakuna mvua, watu wanakuja kunitazama bila mimi kutoka nje. Hayo ndiyo maisha ninayoyataka."

"Wewe ulikuja na miguu yako," akasema. "Yeye alikatwa na msumeno. Andika."

Nikaandika. Lakini neno lile lilinikaa, na wiki iliyofuata, nikiwa natengeneza gauni la harusi, nilirudi jikoni na jibu langu. Nikamwambia: chukulia mtu kaja dukani kwangu, kakata mkono wa gauni nililoshona, kaenda kuutundika dukani kwake, halafu nikimdai ananiambia hapa kwangu watu wengi zaidi wanauona, na isitoshe nimeutunza vizuri, haujafifia. Sawa, haujafifia. Lakini ni mkono! Mkono mtupu una nini cha kutazamwa? Gauni liko kwangu, bibi harusi amekaa na bega wazi. Mzee alipiga meza vijiko vikaruka. "Andika hiyo!" Kwa hiyo mkono wa gauni la Bertrams ulisafiri hadi London. Jibu lilirudi kama yote yaliyotangulia: wanashukuru kwa maoni yake na wameyapeleka kwenye idara inayohusika. Aliyaweka majibu hayo kwenye bati la biskuti.

Maman Béa alikuwa akija kuomba limau na kubaki mpaka supu iishe. Siku hiyo alisikiliza habari ya mkono wa gauni, akafyonza. "Babelgiji balibebaka sanamu za bankambo yetu, babu wa babu. Leo ukitaka kumuona nkambo yako, unakata tiketi." Nami nikakumbuka yule mjusi wetu mkubwa wa kale, mifupa yake ilichimbwa kule Lindi ikapelekwa Ujerumani, amesimama huko hadi leo ananyoosha shingo. Mzee akaniuliza mbona hatumwandikii barua. Nikasema mimi nilikuwa na shughuli nyingi. "Shughuli gani?" akasema Maman Béa. "Kukaa?"

Mwezi wa Septemba, mwezi ambao nchi hii huzungumzia sana urithi, chama cha Wagiriki wa mjini kikaamua kusimama Jumamosi moja kwenye uwanja wa Newtown, penye soko, na wasichana watano waliovaa kama wale wanawali, waache nafasi ya wa sita. Barua ingesomwa mbele ya watu, watu watie sahihi, ipelekwe London. Na msomaji wa barua akachaguliwa Mzee Manoli. Lazima mwelewe hilo lilikuwa na uzito gani. Chama chao kilikuwa cha mawakili na madaktari, na yeye alikuwa mzee wa duka la kona. Miaka yote mikutano ikiitishwa alipewa kazi ya kuleta barafu. Usiku aliochaguliwa alimpigia simu Eleni huko Athene, nikamsikia kupitia ukutani akirudia neno moja la Kigiriki mara tatu, sauti ikipanda. Kesho yake nilimuuliza ni neno gani. "Mimi," akasema. "Nilimwambia: mimi. Mimi. Mimi."

Magauni nikapewa mimi. Wiki tatu nilishona mikunjo. Wale wanawali wa mawe, sijui fundi wao alikuwa nani, lakini alijua kitambaa kuliko mimi: mkunjo unashuka sawa kwenye mguu uliobeba uzito na unalegea kwenye goti lililokunjwa. Mzee alisimama nyuma yangu na picha. "Ongeza. Punguza. Fumua." Nikafumua. Maman Béa yeye aliangalia picha iliyopigwa kutoka mgongoni, ambayo wote tulikuwa hatujaitilia maanani, akaita wasichana wake wa saluni waje waone. "Nani alisuka huyu mutoto? Angalia! Hii inazunguka kichwa, hii nene inashuka mu mugongo. Hii njo kazi ya mutu wa kazi!" Akasema hachukui malipo, anataka tu kujua kama vidole vyake vinaweza.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Kwetu fundi anayejiheshimu hampi mtu nguo mpya ikinuka mashine na jasho. Inafukizwa kwanza: chetezo chini chenye makaa na udi, kikapu kimefudikizwa juu yake, nguo zimetandazwa juu ya kikapu zinywe moshi taratibu. Chetezo changu kilikuwa kimevunjika, na aliyekivunja ni mimi, kwa kukikalia. Alhamisi, siku mbili kabla ya Newtown, Mzee alikuwa kliniki kuchukua dawa za presha, nami nikaingia jikoni kutafuta chombo cha kuwekea makaa. Nikapanda kiti, nikasogeza makopo ya mafuta, na nyuma kabisa nikapapasa kitu kimefungwa kwenye singa za mkonge, zile nyuzi ndefu nyeupe za kwetu. Nikafungua. Udongo, mguu mmoja, kikombe juu, vishikio viwili. Nikacheka peke yangu kwa furaha. Mtu kazaliwa Korogwe, kakulia Korogwe, atakosaje chetezo? Na pweza amechorwa! Macho mawili makubwa, mikono imezunguka mpaka nyuma, pweza wa kununua asubuhi Deep Sea, soko la samaki la kwetu Tanga. Nikasema fundi aliyechora hiki ni mtu wa pwani, huyu hajabahatisha. Nikawasha makaa uani, nikayatia ndani, nikadondosha udi, nikafunika kikapu, nikatandaza magauni. Harufu ikapanda hadi barabarani. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, najisifu.

Mzee alirudi na mfuko wake wa dawa. Akanusa, akatabasamu. Halafu akainama akaona chini ya kikapu. Nilisubiri amri, kwa sababu mtu yule siku zote alikuwa nayo tayari. Haikuja. Alipiga magoti, yale magoti mabovu, akaondoa kikapu na magauni yote, akashika kikombe kwa mikono mitupu akamwaga makaa kwenye mchanga. Maman Béa alitokea mbio na jagi la maji kwa ajili ya vidole vyake. "Maji hapana!" Mzee akapiga kelele. "Maji hapana kwenye hiki!"

"Mzee, samahani," nikasema. "Kama nimekiharibu, Mayfair vipo. Ijumaa nakuletea kingine, na cha dhahabu dhahabu."

"Hiki hakipo Mayfair."

"Vipo vya kila rangi, Mzee."

"Fundi. Hiki kina miaka elfu tatu."

Nikakaa chini kwenye mchanga, karibu na makaa. Ndani ya kikombe, katikati, palikuwa na doa jeusi ukubwa wa sarafu ya randi tano, linang'aa kidogo kwa mafuta ya udi. Akatueleza palepale, amekaa chini. Baba yake, kijana huko kisiwani, alikuwa anachimba shimo la kupanda mzabibu, jembe likagonga kaburi la watu wa kale. Sheria ilisema atoe taarifa. Hakutoa. Alipokwenda Tanganyika kutafuta kazi alikitia kwenye soksi ndani ya sanduku, na Korogwe akakifunga kwa singa, na walikuwa wanakifungua Pasaka tu, wanakiweka mezani, wanakitazama wakati wa kula, wanakirudisha. Ndicho kitu pekee cha baba yake alichobaki nacho. Hata Eleni hakujua kina umri gani.

"Baba hakuiba," akasema, ingawa hakuna aliyesema kaiba. "Aliokota. Na shamba lilikuwa letu."

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. "Na yule bwana wa msumeno," nikasema, "yeye alisema kaiba?"

Maman Béa alinikanyaga mguu, lakini lilikuwa limeshatoka. Mzee alinitazama kama mtu aliyepigwa na mwanawe. Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani na kikombe chake, akafunga mlango. Jioni ile supu nilikula peke yangu kwenye ngazi, kwenye sufuria ya uzi mwekundu, na haikuwa na ladha, ingawa nilimaliza.

Ijumaa niliporudi kutoka Mayfair nilimkuta jikoni. Kikombe kilikuwa mezani, na pembeni barua ya kesho, ile niliyoiandika kwa mwandiko wangu bora na chama kikaipitisha. "Kaa," akasema. Nikakaa. Akanisogezea kalamu. Kisha akasema kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake kwa Kiswahili: "Naomba uandike." Sikuangalia juu, niliogopa kumwaibisha. Alitaka aya mpya itangulie zote. Aliponitamkia nikaweka kalamu chini nikabisha, mimi mwenyewe, mwenye makosa. Nikamwambia watamcheka. Wale mawakili watamrudisha kwenye barafu. London wakisikia watasema, mnaona, hata wao wameficha. Amwachie mtu mwingine asome, na kikombe akirudishe baadaye kimyakimya.

"Nitamwambiaje mtu atoe kilicho ndani ya kioo," akasema, "na mimi changu kiko nyuma ya mafuta?" Alikuwa anakigeuza kikombe taratibu, pweza anapita, jicho moja, jicho la pili. "Angalau wao wamekiweka watu waone."

Nikaandika.

Jumamosi asubuhi uani palijaa. Maman Béa alisuka wasichana wa Kigiriki akilalamika kwamba nywele zao zinateleza kama samaki, lakini alipomaliza, ile misuko minene imeshuka mgongoni na magauni yananukia udi hadi getini, hata yeye alitoa simu akawapiga picha. Shida ni kwamba walikuja wanne. Wa tano alikuwa na mtihani, au alipata aibu. Tukafika Newtown na magauni matano na wanawali wanne. Maman Béa akachukua gauni la tano, akalivaa juu ya nguo zake, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye kifua cha heshima, akasimama mwishoni mwa mstari. Mwenyekiti wa chama, wakili mwenye tai, akaanza kusema kitu. "Mi pia nilibebaka paa," Maman Béa akamwambia bila kugeuza shingo. "Miaka makumi mbili, na bwana alikuwa analala chini yake." Mwenyekiti akaacha. Nilisimama nyuma yao na pini mdomoni, natoka jasho, maana sikuwa nimeona watu wengi hivyo tangu nifike nchini. Muuza miwani ya jua akasogea akauliza nani kafa. Nikamweleza kwa Kiingereza changu: walikuwa dada sita, mmoja alichukuliwa. Akashika kichwa. "Eish. Mmefungua kesi?" Nikamwambia ndiyo, ni miaka mia mbili. Akasema polisi ndivyo walivyo.

Mzee alipopanda kijukwaa karatasi ilikuwa inatetemeka hadi huku nyuma tulikuwa tunaisikia. Akasoma aya ya kwanza: kwamba yeye, Manoli, mwenye duka, ana nyumbani kwake kitu cha kale cha Wagiriki ambacho si chake, kwamba baba yake alikichukua na yeye akakificha, kwamba anakirudisha mwaka huu, na kwamba sasa, akiwa mtu anayejua kuachia kunavyouma, anawaomba wa London nao waachie. Mwenyekiti alimshika kiwiko akamwambia kitu kwa Kigiriki. Mzee akakitoa kiwiko taratibu, akaendelea mpaka mwisho, mkono wa gauni na yote. Hakukuwa na makofi. Baadhi ya watu wa chama waliangalia viatu vyao, wengine wakaanza kukunja viti. Halafu muuza miwani akapita katikati, akachukua kalamu mezani, akatia sahihi wa kwanza. Alipoinuka akaniuliza sasa ile nafasi iliyo wazi katikati ya wanawali ni ya nani. Nikasema ya dada yao. Akaikwepa alipokuwa anaondoka, akazunguka nyuma ya mstari, kama mtu anayekwepa kukanyaga mkeka wa mwenzake.

Kikombe tulikipeleka ofisi ya ubalozi wao baada ya wiki mbili, mimi nimekishika mapajani kwenye teksi, kimefungwa singa zilezile, na kila taa ya barabarani, robot kama wanavyoziita huku, nilikuwa naona inawaka nyekundu kwa ajili yangu. Ofisa mmoja mwanamke alivaa glavu, akakigeuza, akatazama ndani, akauliza lile doa limetoka wapi. Nilifungua mdomo. "Sijui," akasema Mzee, haraka, kwa sauti ya duka. "Limekuwepo siku zote." Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini kasema uongo siku ya kusema kweli. "Wangekuandikia barua," akasema. "Wewe unaogopa hata posta." Akatazama dirishani mpaka Bertrams. Rafuni, nyuma ya makopo, mahali pale hapakuwekwa kitu tena, hata ilipobidi mafuta yakae sakafuni. Barua za Jumapili ziliendelea mpaka mikono yake ilipokataa hata kupiga meza. Dada wa sita bado yuko London, na majibu yao yamejaza bati la pili.

Mstari wa mwisho kwenye kile kikaratasi, ambao Eleni alinisomea tukila ngano ya baba yake, unasema hivi: masizi yaliyo ndani yanaonyesha kwamba kikombe kilitumika kufukizia uvumba katika ibada za watu wa kale. Wataalamu wamekaa, wametazama, wamekubaliana. Sasa watoto wa shule wanapelekwa pale wanaonyeshwa dini ya mababu zao, na ile dini ni mimi, uani Bertrams, nimekaa kwenye ndoo. Nimecheka siku tatu. Siku ya nne sikucheka. Mzee alisema uongo mmoja ili nisisumbuliwe, na uongo huo umewekwa ndani ya kioo na taa juu yake, na kati ya watu walio hai ni mimi na Maman Béa tu tuliokuwa tunaujua. Yeye alishahama, nikampigia simu. "Basi andika," akasema. "Ama uko na shughuli?"

Kwa hiyo nimeandika, kwa mwandiko wangu uleule, na Eleni atatia Kigiriki chini yake. Bahasha nitaipeleka posta kwa miguu yangu, Jumatatu, Mungu akipenda na jua lisipokuwa kali. Nimewaeleza kuhusu magauni, kikapu, na udi wa Msomali wa Mayfair. Nimewaomba wafute mstari ule, wasimlaumu marehemu, na kama doa linaweza kutoka bila kumuumiza pweza, walitoe. Kama haliwezi, nimewaandikia mwishoni, basi libaki hukohuko. Masizi ni yangu. Sidai kurudishiwa.